Ukishindwa kujibu salamu, punguza mwendo

Mwaka wa kwanza nilipoanza kujiandaa na trayathloni ndefu, ile ya kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, alafu unamalizia na maratoni nzima ya 42.2, mbio zangu zote zilikuwa za mwendo mmoja. Jumatatu dakika tano na nusu kwa kilomita, Jumatano vilevile, Jumapili vilevile. Si pole si kasi, iko tu hapo katikati, unarudi nyumbani hoi unajiona wewe ndo wewe. Baada ya miezi minne muundi wa kushoto unauma kila nikiamka, na kasi haijaongezeka hata chembe.

Alonizindua ni mzee mmoja hushona nyavu ufuoni, upande wa kuelekea mnara wa Vasco da Gama hapa Malindi. Kila asubuhi nikipita ananisalimia, na mwazijua salamu za kwetu, haziishi kwa neno moja: habari za asubuhi, wa nyumbani hawajambo, mama kaamkaje. Mie najibu "njema" moja ya kuhema nishapita. Siku hio akaniita, "We kijana, kwani wakimbizwa na nani?"

Nilicheka, lakini kumbe kipimo ndo hicho. Sasa siku za pole nataka niweze kujibu salamu zote mpaka ya mama bila kukatikiwa na pumzi. Kwangu hio ni kama 6:50 kwa kilomita, na mwezi wa pili na wa tatu joto likikaza na ule unyevu wa Malindi nafika hata 7:20, manake damu nyingi inakwenda kwenye ngozi kupoza mwili, moyo unapiga mbio na miguu bado haijafanya kitu. Hapo saa ya mkononi usiisikize. Watoto wa shule watakupita na mabegi mgongoni, wacha wapite. Hata Kipchoge, yule alomaliza maratoni ya Berlin 2022 kwa saa 2:01:09, siku zake za pole huanza taratibu sana, sasa mimi na wewe ni nani?

Kasi nafanya mara moja kwa wiki, Jumanne baada ya swala ya alfajiri, barabara ya Casuarina kabla bajaji hazijaamka. Dakika 4 mara tano, katikati najikokota dakika 2. Si kufyatuka kama mwizi wa kuku, ni mwendo wa kuweza kutamka maneno mawili matatu basi. Nilijaribu mara mbili kwa wiki, sirudii. Baiskeli ya Jumamosi mpaka Kilifi na kurudi ishakula miguu, na kukimbia kunagonga mifupa kuliko kupiga pedali, kwa hivyo nikitaka jasho lingine la nguvu nalitafuta kwenye baiskeli.

Na hio Jumamosi nikishuka tu navaa viatu nakimbia dakika 20. Hapa ndo watu wengi hudanganyika: miguu mizito kama magogo, wahisi watambaa, kumbe uko kasi kuliko ulivyopanga. Kilomita mbili za kwanza jizuie kwa makusudi.

Muundi ulitulia kama wiki ya sita. Mzee naye sasa kazi ni kunichelewesha, juzi kanisimamisha dakika kumi nzima kunieleza bei ya nyavu.