Mumeo kulala katikati ya filamu si ushamba

Dada, umeandika kwamba mumeo alikoroma kwenye Jeanne Dielman, wewe ukabaki umeduwaa, na sasa mnabishana nani hajui filamu. Achaneni na hilo. Ni filamu ya mwongozaji Mbelgiji Chantal Akerman ya 1975, kwa lugha ya Kifaransa, dakika 201, na mwaka 2022 wakosoaji waliopiga kura kwenye jarida la filamu la Sight and Sound waliipa nafasi ya kwanza kati ya filamu bora za wakati wote. Sifa hizo ndizo zinazomponza mtu. Anakaa akisubiri vituko.

Kumbe humo tunamtazama tu Jeanne, mama mjane, akifanya kazi za nyumbani polepole. Mwambie afuatilie viazi anavyopika tu. Siku ya pili vinaiva kupita kiasi, na mambo ya yule mama yanaanza kwenda mrama. Itazameni kwa vipande vitatu, maana yenyewe ni ya siku tatu. Akisinzia tena, mwache. Watoto wasiwepo lakini: kuna mambo ya kikubwa, na mwisho una damu.