Wachoraji Wawili, Nyumba Moja, Mlima Uleule

Mimi na mume wangu sote ni wachoraji, na sote tunachora milima. Tukiwa Moshi tulichora Kibo na Mawenzi; tangu tulipohamia Calgary, nchini Kanada, tunachora Milima ya Rocky, kwa kuwa mji wa Banff uko umbali wa kilomita 130 hivi kwa barabara. Wanandoa wanaotamani maisha ya namna hii hutuuliza zaidi habari za fedha, ilhali kuna jambo linalotangulia fedha: ni yapi mtakayoshirikiana, na ni yapi ambayo kila mmoja ataachiwa peke yake.

Katika hilo tumejifunza mengi kwa Peter na Catharine Whyte. Peter alizaliwa Banff mwaka 1905. Catharine, aliyezaliwa mwaka 1906, alitoka katika familia yenye uwezo ya Concord, Massachusetts. Walikutana Boston wakisomea sanaa, wakaoana mwaka 1930, kisha wakajijengea nyumba ya magogo mjini Banff, karibu na mto Bow. Walikuwa wakienda pamoja milimani, wakaketi jirani, kila mmoja na kibao chake kidogo cha kuchorea, na kuchora mandhari ileile kwa wakati mmoja. Picha zao zinakaribiana sana, lakini kila kibao kilikuwa na mwenyewe.

Kwetu sisi hiyo ndiyo kanuni: mahali ni petu sote, picha ni ya mmoja. Hakuna anayeitolea maoni picha ya mwenzake kabla hatujarudi nyumbani, hata akiona kilele kimepinda. Mwanga wa mlimani hubadilika upesi mno, na neno moja tu, kwa mfano kuuliza kwa nini theluji ya kivulini imetiwa buluu (nayo huwa ya buluu kweli, kwa sababu inaangazwa na anga), laweza kumvurugia mtu asubuhi nzima. Hata vifaa tumevigawa kwa mtindo huo: rangi nyeupe tunanunua pamoja, tyubu kubwa, maana theluji huimaliza haraka, brashi hatuazimani kamwe. Wakati wa baridi tumieni rangi za mafuta, kwa kuwa rangi za maji huganda kabla hazijakauka.

Safari nazo zipangwe mapema. Barabara ya kwenda ziwa O'Hara, kwa mfano, hairuhusu magari ya watu binafsi; ama mpate nafasi katika basi, ambazo ni chache, ama mtembee kilomita 11 mkiwa na mizigo yenu.

Lililo gumu zaidi ni muda. Katika nyumba nyingi nilizozijua, wageni wakibisha hodi au mtoto akiugua, anayeweka brashi chini ni mke, na hakuna anayekumbuka kuwa jambo hilo liliamuliwa lini. Sisi tumegawana siku: siku yangu, nyumba ni ya mume wangu pamoja na jiko lake, na siku yake ni hivyo hivyo. Kuhusu fedha, msiwaige akina Whyte, kwani wao walikuwa na mali ya familia ya kuwategemeza. Mmoja wenu awe na mshahara, na mpokezane zamu hiyo, asije mmoja akageuka mfadhili wa kudumu wa kipaji cha mwenzake.

Amueni pia mapema picha zitakwenda wapi. Akina Whyte walianzisha wakfu mwaka 1958. Peter alifariki mwaka 1966, na miaka miwili baadaye jengo lililokuja kuwa Makumbusho ya Whyte likafunguliwa mjini Banff. Catharine aliendelea kulitumikia hadi alipofariki mwaka 1979. Wengi wetu hatutajengewa makumbusho, ila kuandika nyuma ya kila kibao jina la aliyechora, mahali na tarehe hakugharimu chochote. Andikeni jina la mmoja, si la ukoo pekee, na mfanye hivyo jioni ileile, kabla vibao havijachanganywa kabatini.