Mpaka Ukifungwa, Fedha za Wanunuzi Huenda Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mpaka ukifungwa, watu waliozoea kuvuka kwenda kununua bidhaa nchi jirani hulazimika kununua kwao. Je, hiyo si faida kwa uchumi wa nyumbani? Mbona tunaambiwa ni hasara?

JIBU: Ndugu msomaji, hoja yako ina ukweli, ila ni ukweli wa upande mmoja wa mpaka. Machi 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, Norway ilipowawekea karantini ya siku 14 waliorejea kutoka nje, raia wake waliozoea kwenda Sweden kufuata nyama, peremende na tumbaku kwa bei nafuu walianza kununua kwao, na mauzo ya vyakula huko yakapanda. Aliyefaidika, hata hivyo, ni mwenye duka. Mnunuzi alirudi kulipa bei ile ile aliyokuwa akiikimbia. Ng'ambo ya pili, Strömstad, mji mdogo wenye maduka mengi kuliko mahitaji ya wenyeji wake, ulibaki na maegesho matupu na wafanyakazi wasio na kazi. Wala halikuhitajika lango kufungwa: nani atakubali kujifungia siku 14 kwa sababu ya manunuzi ya saa mbili?

Mfano mchungu zaidi ni Point Roberts, kipande cha jimbo la Washington nchini Marekani ambacho kwa nchi kavu hufikiwa kwa kupitia Kanada tu. Wakazi wake ni kama 1,200, lakini biashara zake zimepimwa kwa mteja wa ng'ambo: petroli huuzwa kwa lita, kipimo cha Wakanada, ilhali Wamarekani wamezoea galoni, na zipo ofisi za kupokelea vifurushi ambavyo Wakanada huviagiza katika maduka ya Marekani, kisha huvifuata wenyewe. Machi 2020 mpaka ulipofungwa kwa safari zisizo za lazima, wateja hao walitoweka, na hasara hiyo hailipiki baadaye, kwa kuwa hakuna anayejaza tangi mara mbili ili kufidia wiki iliyopita. Agosti 2021 Kanada iliwafungulia Wamarekani waliochanjwa, lakini Marekani haikuwaruhusu Wakanada kuingia kwa nchi kavu hadi tarehe 8 Novemba. Kwa miezi hiyo mitatu, mwenye duka wa Point Roberts aliweza kuvuka kwenda kununua kwa jirani. Mteja wake ndiye hakuweza kumfuata.