Fundi Anajibu: Kiti cha pikipiki kipandishwe kwa kiasi gani?

SWALI: Papa Fundi, pokea salamu kutoka Ndosho, hapa Goma. Mimi ni motari mwenye urefu wa mita 1 na sentimita 86, na kila siku ninabeba abiria kati ya mjini na Sake. Ikifika saa tisa alasiri magoti yananiuma na makalio yamekufa ganzi, hata ninashuka nikichechemea. Binamu yangu anayeishi Québec amenitumia picha za pikipiki yake ya theluji, ile ambayo wao huiita motoneige. Amepandisha kiti chake kwa sentimita 10 hivi, akitumia sanduku la mbao alilolitengeneza mwenyewe, na anasema tangu hapo hachoki tena. Je, ninaweza kuiga kazi hiyo kwenye pikipiki yangu, na nitumie vifaa gani vinavyopatikana kwetu?

JIBU: Kupandisha kiti unaweza, ila usifikie sentimita 10, na hilo sanduku mwachie binamu yako. Chombo chake hakina magurudumu. Mbele kina vibao viwili vya kutelezea, nyuma kina mkanda mpana wa mpira unaosukuma theluji, na kila upande kuna ubao mrefu wa kukanyagia. Kikisimama, kinasimama chenyewe, wala mwendeshaji hahitaji kushusha mguu. Mtu mrefu anapokipandishia kiti anataka goti lisikunjike mno, na pia apate wepesi wa kuinuka na kukaa, kwa maana kwenye theluji yenye matuta mtu husimama na kukaa mara nyingi. Wewe, kila abiria anapopanda au kushuka, miguu yako ndiyo inayoshikilia chombo, mzigo na watu. Kwa sababu hiyo kipimo chako kinaanzia ardhini, na goti linafuata baadaye.

Vaa viatu unavyofanyia kazi, kaa kwenye kiti pikipiki ikiwa wima, kisha mwombe mwenzako aingize vipande vya mbao nyembamba chini ya makalio yako, kimoja baada ya kingine. Acha pale ambapo nusu ya mbele ya nyayo zote mbili bado inakanyaga vizuri, halafu punguza sentimita moja. Hiyo moja ni ya mashimo na mawe. Mitaa yetu mingi imepita juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002, na mahali unaposimama si pa sawasawa kama sakafu ya gereji. Kwa kimo chako, na kwa pikipiki za kawaida za kazi, sitashangaa ukiishia kwenye sentimita 3 au 4, na utaona kwamba hata hizo zinalifungua goti vya kutosha kuleta nafuu.

Mimi mwenyewe niliwahi kupuuza hesabu hiyo. Nilipandisha kiti changu sentimita 6, nikajiona mfalme siku mbili. Siku ya tatu nilisimama kumshusha mama mmoja mwenye beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, nikashusha mguu wa kushoto, na chini yake pakawa shimo. Pikipiki ililala polepole kabisa, kama ng'ombe anayechagua mahali pa kupumzikia, na nguvu za kuizuia sikuwa nazo kwa sababu mguu ulikuwa haujafika popote. Hakuna aliyeumia, lakini sambaza nilizilipa zote.

Kabla hujagusa kisu, angalia mambo matatu ambayo hayakugharimu chochote. Magurudumu yaliyojazwa upepo kupita kiasi hupeleka kila jiwe moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Shokamzoba za nyuma zilizokazwa kwa ajili ya abiria wawili na gunia la makaa humpiga mtu anayerudi peke yake, nazo kwa kawaida zina ngazi za kulegeza. Na sponji la kiti chenyewe huenda limekwisha: kandamiza kwa kidole gumba pale unapokaa, na ukihisi kitako kigumu cha plastiki mara moja, basi ganzi yako inatoka hapo. Magoti yanalalamikia kimo, makalio yanalalamikia sponji. Haya ni magonjwa mawili, na kiti kilichopandishwa kwa sponji baya kitatibu moja tu.

Sasa kazi yenyewe. Fungua kiti, kigeuze, ung'oe pini za stepla moja moja kwa bisibisi bapa. Usikate ngozi, kwani utaitumia kama kielelezo cha kukatia ile mpya. Kagua kitako cha plastiki, hasa sehemu za skrubu na ule ulimi wa mbele unaoingia chini ya tangi. Kikiwa na ufa, kitafute kingine kwanza. Sponji la zamani ukilikuta halijaoza liache mahali pake, uongeze tabaka juu yake.

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Wanachukua kipande cha godoro, kwa kuwa ni rahisi na ni laini mkononi. Sponji la godoro la bei nafuu ni jepesi mno: sentimita 5 zake, mtu mzima akikaa, hubaki unene wa kidole, na baada ya majuma machache hazirudi tena juu. Tafuta sponji zito lililotoka kwenye kiti cha gari lililofumuliwa. Mafundi wa viti wa mtaa wa Birere, hapa Goma, huwa nalo. Chini yake weka tabaka la sentimita moja au mbili la mpira mwepesi wa aina ile ya kandambili, ambao haunywi maji wala haulali. Juu kabisa weka sponji laini la sentimita moja, lisilozidi hapo, la kuondoa ukali tu. Kigumu chini, laini juu. Ukigeuza mpangilio huo utakaa kama mtu aliye ndani ya mtumbwi.

Kata kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, kisha sawazisha kwa msasa. Sehemu ya mbele, ile inayokaa kati ya mapaja, ipunguze upana kwenye kingo zote mbili. Kiti kipana mbele hulazimisha miguu kwenda nje kabla ya kwenda chini, na kwa kuchonga kingo hizo unarudishiwa sehemu ya kimo ulichopoteza ulipopandisha. Mafundi wachache hulifanya jambo hili bila kuambiwa, kwa hiyo ukimpa fundi kazi hii, simama naye.

Paka gundi ya viatu pande zote mbili, subiri mpaka isishike kidole, ndipo ubandike; lenga vizuri, maana ikishashika haisogezwi. Funika yote kwa karatasi ya nailoni kabla ya ngozi, na mshono wowote uwe pembeni, kamwe usiwe pale unapokaa, kwa kuwa mvua zetu huingia kwenye tundu la sindano na sponji lililolowa hukaa na maji kwa siku nyingi. Unapobana pini anzia katikati ya kila upande, uelekee kwenye pembe, ukivuta ngozi kidogo kidogo.

Kwa kuwa unabeba abiria, pandisha kiti kizima, ukipunguza unene kadiri unavyoelekea nyuma. Usijitengenezee ngazi wewe peke yako, kwani abiria hatakuwa na mahali pa kuegemea. Mwisho, zungusha usukani mpaka kikomo cha kila upande. Ikiwa umelazimika kuuinua ili ulingane na kimo kipya, hakikisha waya za klachi, gesi na breki hazivutiki.

SWALI: Nami niko Kadutu, Bukavu. Fundi aliweka vipande viwili vya mbao kati ya kiti na fremu, upande wa nyuma, akatumia skrubu ndefu zaidi. Kimo nimekipata, ila kila ninaposhuka mlima ninateleza hadi kwenye tangi. Nifanye nini?

JIBU: Viondoe. Ulimi wa mbele ulibaki mahali pake wakati nyuma ilipanda, hivyo kiti kizima kimeinamia mbele, na kwa milima ya Bukavu mwinamo huo unaongezeka kila unapoteremka. Isitoshe, mbao hupungua zikikauka, skrubu hulegea, na ulimi uliopindishwa hupasuka ghafla. Kama lazima upandishe kwa chini, mchomeleaji akutengenezee kishikio kipya cha ule ulimi kwa kimo kilekile cha nyuma, na badala ya mbao utumie vipande vya tairi kuukuu, kama vile watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wanavyovisha magurudumu yao. Weka nati zenye kufuli, uzikaze tena baada ya siku tatu za kazi.