Januari ilipwe kwanza: Noeli mbili za nyumba yetu

Tarehe 27 Desemba, saa nne usiku, dada mmoja anayesoma maandishi yangu aliniandikia kutoka Uvira. Ndoa yao ina miaka 3, wana mtoto mmoja na mwingine yuko tumboni. Aliandika hivi: "Mama fundi, tuligawana sanduku la akiba la kikundi tarehe 18. Leo zimebaki dola 22 na Bonane, Mwaka Mpya, haijafika. Mume wangu hasemi nami. Nifanye nini?"

Sikumjibu usiku ule. Niliweka simu chini, nikatoka barazani nikalia, maana maneno yale yalikuwa yangu ya mwaka juzi. Hata hesabu yake haikuwa mbali na yangu.

Leo ni Jumapili, tarehe 5 Januari 2025. Kesho watoto wanarudi shuleni. Kodi ya Januari na ya Februari imelipwa. Karo ya muhula wa pili imelipwa, risiti ninayo. Mashini ya kushona iko mahali pake, imefunikwa kitambaa. Sasa naweza kumjibu, na ninyi wengine wenye nyumba changa, someni naye.

Nianze na Desemba 2023, ile ya uchaguzi. Kampeni ilifunguliwa tarehe 19 Novemba, kura ikapigwa tarehe 20 Desemba, na sisi mafundi wa nguo wa Kadutu, hapa Bukavu, hatukulala. Vitenge vya wagombea vililetwa kwa mafungu: mashati ya vijana, magauni ya akina mama, kofia. Wengi walilipa. Mmoja hajanilipa hadi leo, nami nimeacha kumpigia simu. Kabla hatujamaliza hizo, Noeli ikaingia. Asiyeshona hawezi kuijua Desemba ya fundi. Mama analeta kitambaa tarehe 22, watoto watatu, kila mmoja na mtindo wake, na anataka tarehe 24 mchana. Umeme ukikatika unashona kwa tochi ya simu uliyoibana shingoni. Unakula ukiwa umesimama. Lakini pesa inaingia kila siku, mkono kwa mkono, na hapo ndipo nilipodanganyika. Nilidhani nimekuwa mtu mwenye pesa, kumbe nilikuwa mtu mwenye Desemba.

Juu ya hayo, tarehe 16 Desemba tulifungua sanduku. Kikundi chetu ni AVEC, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kama vile vilivyojaa huku Kivu: wanawake 22, sanduku la chuma lenye makufuli 3, funguo 3 kwa wanawake 3 tofauti, na anayelala na sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Kila juma unanunua hisa, kuanzia 1 hadi 5. Yetu ilikuwa faranga 3,000 kwa hisa, nami nilijikaza nikanunua 5 kila juma, mwaka mzima, hata majuma ambayo tulikula sombe, majani ya muhogo, siku tano mfululizo. Anayekopa analipa na faida, na faida ile ndiyo tunayogawana pamoja na akiba zetu. Siku ile nilihesabiwa faranga 815,000, karibu dola 300. Sijawahi kushika pesa nyingi hivyo ambazo ni zangu. Nilizifunga kwenye kitenge, nikazifunga tena, nikateremka hadi nyumbani Cimpunda kwa miguu kwa sababu niliogopa kupanda moto, pikipiki ya abiria.

Siku 15 baadaye hazikuwepo.

Sitaandika kila kitu. Mbuzi mmoja, kreti 3 za Primus na 2 za Fanta, mchele, viatu vipya vya watoto, kitenge cha mayadi 6 kwa mama mkwe, koti la baba mkwe, na gari la kukodi kutupeleka Walungu kwa wakwe zangu na kuturudisha, kwa sababu mume wangu ni mwalimu, ndiye aliyesoma kwao, na mwalimu hawezi kushuka mbele ya kijiji kizima akiwa amebanwa kwenye basi na kuku za watu. Ndivyo tulivyowaza, sote wawili. Simlaumu yeye peke yake. Mimi mwenyewe nilitaka wanione. Nilitaka wifi zangu wanione nikishuka.

Na walituona. Ilikuwa sikukuu nzuri, nakiri. Baba mkwe alicheza. Kasiksi, pombe ya ndizi, ilipita kibuyu kwa kibuyu hadi usiku. Watu wakasema mke wa mwalimu ana mkono mwepesi wa kutoa. Nililala nikiwa nimejaa.

Januari, wapendwa, ni mwezi mrefu kwa fundi. Hakuna mtu anayeshona Januari. Nguo mpya wote wanazo, pesa wote hawana. Na sikukuu za taifa zinafuatana, tarehe 4 ya Mashahidi wa Uhuru, tarehe 16 ya Mzee Laurent-Désiré Kabila, tarehe 17 ya Lumumba, siku ambazo sisi tunaokula kwa jasho la siku ile tunakaa tu. Mume wangu anafundisha sekondari, na sehemu ya kipato chake inategemea wazazi wamelipa nini. Januari wazazi walikuwa kama sisi. Tarehe 10 mwenye nyumba alikuja kudai miezi miwili, dola 80. Tarehe 12 mtoto wetu mkubwa alirudi nyumbani saa tatu asubuhi, mkoba mgongoni, ametolewa darasani kwa ajili ya karo. Hakulia. Aliuliza tu kama viatu vyake vya Noeli vinaweza kurudishwa dukani.

Nimeandika sentensi hiyo nikasimama kidogo.

Basi nikaenda kwa mtu wa banki lambert, mkopeshaji wa riba wa mtaani. Mnawajua, kila mtaa una wa kwake, hana ofisi wala bango. Nilikopa dola 120 hadi mwisho wa Januari, nirudishe 156, na rehani ikawa mashini yangu ya mguu niliyoinunua kwa kazi yangu mwenyewe kabla sijaolewa. Aliniachia niendelee kuitumia, na kwa hilo nikamwona mtu mwema. Mwisho wa mwezi nilikuwa na dola 70. Nilimpelekea zote, nikamwomba anipe hadi Februari katikati. Hakuzigusa. Tarehe 2 Februari alikuja na vijana wawili, wakaibeba mashini wakapanda nayo kilima, na mimi nilisimama mlangoni nimeshika suruali ya mteja, sindano bado iko ndani ya pindo.

Kwa miezi mitano nilishona kwa mashini ya mwenzangu, jioni akishamaliza, na nusu ya malipo ikawa yake. Kijijini hatukusema neno. Hao waliokula mbuzi wetu hatukutaka wajue mbuzi aligharimu nini. Nyumbani mimi na mume wangu tulikuwa tunaongea kupitia watoto: mwambie baba chakula tayari, mwambie mama nimetoka. Hiyo ndiyo hali aliyo nayo dada wa Uvira sasa, na ninamwambia inapita, lakini haipiti yenyewe.

Ilipita kwetu mwezi wa 7, siku kikundi kiliponikopesha nikanunua mashini nyingine iliyotumika. Usiku ule mume wangu alichukua daftari la shule lililobaki kurasa, akaniketisha, akaandika katikati ya ukurasa kwa mwandiko wake wa ubaoni: Januari. Chini yake akaandika kodi, karo, unga, makala ya kupikia (mkaa), dawa. Hatukuandika Desemba kabisa. Tukakubaliana kwamba Desemba itakula kitakachobaki Januari ikishashiba.

Hiyo ndiyo siri yote niliyo nayo, na najua ni ndogo. Lipa Januari kwanza. Usiiweke pesa ya Januari kando, maana pesa iliyo kando ina miguu. Ilipe. Safari hii sanduku lilifunguliwa Jumamosi tarehe 14 Desemba, na mume wangu alikuwa ananingoja nje. Hatukupitia nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba, tukalipa miezi miwili mbele, akaandika karatasi huku akitutazama kama watu waliokosea mwezi. Jumatatu tukaenda shuleni. Kilichoingia nyumbani baada ya hapo kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa chetu kweli.

Kuhusu nyama, tafuteni wenzenu. Kuanzia Agosti tulikuwa nyumba 12 za mtaa, kila moja faranga 5,000 kwa juma, likirimba ya ng'ombe, yaani mchango wa kumnunua pamoja. Tarehe 24 alfajiri alichinjwa, kila nyumba ikaondoka na kilo zipatazo 8, na hakuna aliyekopa. Nguo za watoto nilizishona Oktoba, wakati mikono yangu haina kazi na wauza vitenge sokoni Kadutu wako tayari kuzungumza bei. Nilikata kwa pindo refu, zitashushwa Pasaka. Na pesa ya ushonaji wa Desemba, nusu iliingia kwenye kopo la maziwa, nayo ilikuwa ya Januari. Nimesema tayari: Januari kwanza.

Ugumu haukuwa pesa. Ugumu ulikuwa Walungu.

Nilimpigia mama mkwe simu mapema, Oktoba, nikamwambia: "Mama, mwaka huu tutakuja siku moja tu, na hatutakuja na mengi." Akasema, "Sawa, mwanangu," akauliza habari za watoto. Tulikwenda tarehe 28, kwa basi, watoto magotini. Tulipeleka mchele kilo 5, sukari, chumvi, sabuni, na sambaza, dagaa wa huku, zilizokauka vizuri, kwa sababu kule juu samaki wa ziwa ni heshima. Wifi yangu mkubwa alikipokea kikapu, akakipima mkononi mbele ya watu wote, akasema: "Mwaka huu watu wa mjini wamekuja kutusalimia." Hakuongeza neno. Watu walicheka kidogo. Mume wangu aliinamisha kichwa.

Bado linaniuma. Nisiwafiche, nimelibeba hadi leo, na kanisani asubuhi ya leo wakati wa kusameheana nilimfikiria yeye. Mwaka juzi alikula nyama yangu kwa mikono miwili. Lakini nilikaa, nikamenya viazi, nikacheka walipocheka.

Jioni tukiondoka, mama mkwe alitusindikiza hadi barabarani, jambo ambalo miguu yake haimruhusu siku hizi. Alikuwa amebeba maharage kwenye kitambaa. Alimsubiri mwanawe atangulie kusimamisha gari, kisha akanishika mkono akaniuliza taratibu: "Ile mashini ilirudi?"

Nilishindwa kusema. Mwaka mzima tulidhani tumeficha.

"Nilinunua nyingine, mama."

"Basi sawa," akasema. "Mbuzi yule sikumwomba mimi."

Ndugu zangu mlioanza nyumba juzi, sikieni. Sote tunataka vitu vilevile: watoto wavae, wazazi wafurahi, tuonekane tumefika. Hakuna dhambi katika hayo. Lakini wazazi wetu wengi hawakutuomba mbuzi, tulijiomba wenyewe kwa jina lao. Waulizeni. Wapigieni simu Oktoba, si tarehe 23. Na wanaume, msiseme heshima ya ukoo huku mtoto wenu anatolewa darasani, kwani huyo mtoto ni ukoo gani? Na wanawake wenzangu, tuache kushindana na wifi. Sitaki kuonekana tena nikishuka kwenye gari la kukodi. Nataka mwenye nyumba apite mlangoni kwangu tarehe 10 na asiwe na sababu ya kubisha.

Sasa wewe dada wa Uvira. Dola 22 si sifuri. Usinunue Bonane nazo, imeshapita na hamkufa. Nunua unga na makala vya majuma mawili. Kesho asubuhi nenda kwa mwenye nyumba kabla yeye hajaja kwako, umwambie tarehe utakayoweza, na iwe tarehe ya kweli hata kama ni mbali. Muulize mweka hazina wa kikundi kama mfuko wa jamii unaweza kukusaidia, hasa kwa hali yako ya mimba, ndiyo kazi ya mfuko ule. Usiende lambert. Na kama una chombo chochote kinachokulisha, mashini, friji ya kuuzia juisi, pikipiki ya mume, usikiweke rehani hata akuonyeshe meno ya upole namna gani.

Mume wako msubiri ale. Kisha mpe kalamu na daftari, usiseme mengi, mwachie aandike yeye jina la mwezi.

Nimemtumia haya saa kumi leo. Amejibu neno moja, "Asante," na baada ya dakika kidogo akaongeza: "Daftari ninalo." Mimi hapa pasi imeshika moto, mashati meupe mawili yananingoja.