Kuupinda Mvinje Usiopindika: Bonsai ya Bunjin kwa Hali ya Malindi

Ukitaka kujua bunjin ni mtindo gani wa bonsai, ile miti inayokuzwa midogo chunguni, usianze na picha za Japani. Teremka ufuoni hapa Malindi, utafute mvinje uliobaki peke yake baada ya mawimbi kula mchanga wa chini yake. Shina ni refu na jembamba, limelala upande ule unaosukumwa na kusi. Matawi ya chini yalikufa zamani, na kilichobaki ni vitawi vichache kileleni. Miti ya namna hiyo, misonobari ya majabalini, ndiyo wasomi wa China waliyokuwa wakiichora kwa wino, na Wajapani wakaifuata michoro hiyo hadi kwenye chungu.

Kwa hiyo mvinje unaufaa mtindo huu kuliko mti wowote ninaoujua pwani. Miche yake hupatikana kwa bei ndogo kwenye vitalu, haiogopi jua wala maji ya kisima yenye chumvi kidogo. Shida yake ni moja tu: haupindiki. Tusisahau kwamba huu ndio mti wa boriti za kujengea. Kitawi kikiwa bado kijani utakizungusha upendavyo. Kikishavaa gome la kahawia, kinavumilia, kinavumilia, halafu kwaa! Video nyingi za kufunga waya hutumia misonobari, mti wenye ulegevu wake, na anayeziiga kwenye mvinje atabaki na kuni.

Ushauri wangu ni kwamba waya uje mwisho. Sehemu kubwa ya umbo la bunjin hupatikana kwa kuulaza mti na kuupunguza. Waya unamalizia.

Anza kwa kuinamisha chungu chenyewe. Kiweke juu ya meza, ukitilie kipande cha tofali upande mmoja, urudi nyuma utazame. Ongeza kipande, tazama tena. Halafu zungusha chungu, maana upande wa mbele wa mti si lazima uwe ule uliouzoea. Tuseme tawi la kushoto limenyanyuka juu na wewe unalitaka lilale. Ukiulaza mti mzima kushoto kwa digrii 30, na tawi limeshuka digrii 30 bila kuguswa. Nimeona watu wakihangaika na waya wiki nzima kutafuta kitu ambacho tofali lingewapa kwa dakika moja. Ukishalipenda pembe hilo, acha chungu kikae hivyo hivyo mpaka masika yaanze, ndipo uupande mti upya ukiwa umelala.

Halafu punguza. Theluthi mbili za shina kwenda chini ziwe wazi, au karibu wazi. Hapa mkono huwa mzito, kwa sababu mti ukishapunguzwa huonekana kama umeugua. Jirani yangu, mzee wa heshima, kila akipita huuliza, "Mwanangu, mti huu umekukosea nini?" Namwamkia, nacheka, naendelea kukata. Ila usikate matawi yote mpaka kwenye shina. Machache yaache vijiti vya urefu wa kidole, uyachune gome, yakauke na kuwa meupe. Mbao ya mvinje ni ngumu, na vijiti hivyo vikavu vinaupa mti umri. Vilevile, tawi unalotaka liishi usilinyang'anye kijani chake chote. Vile vinavyoonekana kama majani marefu membamba ni vitawi hasa, na majani yenyewe ni vigamba vidogo sana kwenye vifundo. Ukivinyoa vyote, tawi linaweza kufa moja kwa moja.

Sasa waya. Mimi natumia shaba, ile ya nyumba, ninayoipata kwa mafundi wa umeme wakimaliza kazi. Omba vipande vya waya wenye uzi mmoja ndani. Ule wa 1.5 wa taa na ule wa 2.5 wa soketi vinatosha. Namba hizo ni eneo la mkato na si upana: 1.5 una upana wa milimita 1.4 hivi, na 2.5 kama milimita 1.8. Kanuni ya wafugaji wa bonsai ni waya uwe theluthi ya unene wa tawi, kwa hiyo ule wa 2.5 utashika tawi la milimita tano. Likizidi hapo, funga nyaya mbili sambamba zikiwa zimegusana.

Chuna plastiki kwa kisu, usiichome, moshi wake ni sumu. Kisha ilaze shaba kwenye makaa ya jiko wakati giza limeingia, ili uione vizuri ikigeuka nyekundu iliyofifia. Itoe, iache ipoe. Itakuwa laini ajabu. Lakini kila unapoikunja inakazana tena, ndiyo maana inashika tawi vizuri, na ndiyo maana usiichezeechezee kabla ya kazi. Hiyo ina maana pia kwamba ukishaifunga huirudishi nyuma kwa wepesi, na kwenye matawi yanayokatika hilo ni jambo la kulifikiria kabla, si baada.

Asubuhi ya siku ya kufunga, mti usiunyweshe. Tawi lililojaa maji limekakamaa na hukatika upesi zaidi kuliko lililolegea kidogo. Nasema kidogo, kwa maana mvinje wa chunguni una kiu sana na ukikauka kabisa hausamehe. Asubuhi moja inatosha, na ukimaliza kazi uupe maji na kivuli.

Tawi lenye gome lolote la kahawia nalivika ukindu kwanza. Ni ukindu huu huu wa mikeka, usiotiwa rangi. Uloweke mpaka ulainike, uuzungushe kwa kukaza bila kuacha nafasi. Ukikauka unabana, unazishika nyuzi za mbao za upande wa nje zisipasuke. Waya unapita juu yake, kwa mlalo wa digrii 45, ukianzia kwenye shina au tawi jingine ili upate pa kujishikiza. Pale utakapopinda, hakikisha mzunguko mmoja wa waya umepita mgongoni mwa kona, upande wa nje. Kona isiyo na waya mgongoni ndiyo inayopasuka.

Pinda kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa tumboni mwa kona, vidole vingine vikishika waya na wala si tawi. Sogeza kidogo, simama, vuta pumzi, sogeza tena. Sikio lina kazi zaidi hapa kuliko jicho. Ukisikia mlio hata mdogo, acha papo hapo, wala usilirudishe tawi lilikotoka. Zungushia ukindu mbichi, paka nta ya nyuki kwenye ufa, uliache miezi kadhaa. Gome likiwa limeshika upande mmoja, mara nyingi tawi hupona. Likikatika kabisa, basi umepata kijiti kingine kikavu cha kuchuna.

Tawi nene kama kidole usilipinde kwa waya wa kuzungusha. Livute chini kwa waya mwembamba uliofungwa kwenye ukingo wa chungu, na pale unapogusa tawi uweke kipande cha tyubu ya baiskeli usikate gome. Kila wiki kaza kidogo kwa kuusokota na kijiti. Ni kazi ya subira, lakini tawi nene linajizoeza hivyo bila kupasuka, na wakati wa kusi hakikisha chungu kiko nyuma ya ukuta, kwa kuwa upepo ukilitikisa tawi lililovutwa utakumalizia kazi vibaya.

Kufungua ni rahisi, ila usiuzungushe waya kuutoa. Ukate kipande kipande kwa koleo, kila mzunguko peke yake. Kipindi cha mvua tawi hunenepa haraka, kwa hiyo kagua kila wiki. Tawi likirudi juu baada ya kufunguliwa, lifunge tena waya ukipita njia nyingine.

Kuhusu chungu, bunjin hautaki sinia pana. Mkungu mdogo wa udongo unafaa, ukiloweshwa kwanza kisha ukatobolewa taratibu kwa drili. Unapohamisha mti, utakuta vinundu kwenye mizizi. Usivikate ukidhani ni ugonjwa: ndani yake mna bakteria wanaoulisha mti nitrojeni ya hewani. Chukua na konzi ya udongo wa zamani uuchanganye na mpya. Na mwezi huo wa kuhamisha, waya upumzike.

Walio na bogenvilia badala ya mvinje, mambo ni mazito zaidi. Mbao yake ikikomaa hairuhusu hata huo ukindu. Funga machipukizi tu, yakiwa yameanza kukaza lakini hayajawa kahawia, na kona nyingine zote zitafute kwa mkasi: kata juu ya kichipukizi kinachotazama unakotaka, kiache kikue, kikinenepa ukate tena.