Fentanili inaua, mbona psilosibini ndiyo ngumu kuitafiti?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nasoma famasia, mwaka wa tatu. Nimeona Marekani, katika majedwali ya sheria yake ya kudhibiti dawa, imeiweka fentanili, dawa kali ya maumivu, Jedwali la Pili, ila psilosibini, kemikali ya uyoga inayoleta maruweruwe, iko Jedwali la Kwanza, lenye masharti makali kuliko yote. Inayoua watu si fentanili? Hapo nimekwama.

JIBU: Marahaba. Jedwali halipimi hatari peke yake. Sheria ya Marekani ya 1970 inauliza pia: je, dawa hii ina matumizi ya tiba yanayokubalika? Fentanili hutumika kila siku kwenye vyumba vya upasuaji, ndiyo maana haikuwekwa Jedwali la Kwanza. Psilosibini haijaidhinishwa kuwa tiba, kwa hiyo imebaki humo pamoja na heroini.

Sasa tazama mzunguko wenyewe. Ili ikubalike, lazima ijaribiwe kwa wagonjwa, na majaribio hayo ndiyo yanayokwamishwa na Jedwali la Kwanza. Mtafiti anatakiwa kusajiliwa na DEA, mamlaka ya Marekani ya kudhibiti dawa za kulevya, kwa ajili ya jedwali hilo, na andiko lake la utafiti likaguliwe na serikali.

Halafu kuna ulinzi. Kutoa miligramu 5 tu, sefu inafunguliwa mbele ya shahidi, chupa inapimwa kabla na baada, daftari linatiwa sahihi, hata unga ulioganda kwenye karatasi ya mizani unaandikwa. Hilo silipingi kabisa, dawa isiibwe. Kinachoniuma ni kusubiri kibali huku muda wa ruzuku ya utafiti ukiyoyoma. Nimeona vijana wazuri wakibadilisha mada kwa sababu hiyo.

Bangi ndiyo iliyoumia zaidi. Tangu 1968, watafiti wa Marekani walitegemea shamba moja tu lenye kibali, la Chuo Kikuu cha Mississippi, hadi DEA ilipoanza kuidhinisha wakulima wengine 2021. Wakati huo watu walishakuwa wananunua bangi kali zaidi kwenye maduka yenye leseni za majimbo, na mwanasayansi hakuruhusiwa kuipeleka maabara bangi hiyohiyo iliyovutwa mtaani. Tungejuaje madhara yake?

Jambo moja la kuongeza kwenye ulichosoma: sheria ya 2025 imeziweka kwa kudumu kemikali za jamii ya fentanili (si fentanili yenyewe ya hospitali) Jedwali la Kwanza, lakini imewalegezea watafiti baadhi ya masharti, kwa mfano wenzao wa taasisi moja kufanya kazi chini ya usajili wa mmoja wao. Kwa hiyo ukitaka kuingia huku, tafuta maabara ambayo tayari ina usajili, na maombi ya kibali yaanze kabla ruzuku haijaanza kuhesabiwa siku.